Pamba Ndani ya Bati

Gari langu lilianza kuota malengelenge mwaka uleule niliomzika mume wangu, upande wa kushoto, juu ya gurudumu la nyuma. Mwanzoni yalikuwa mawili, madogo, kama yale yanayomtoka mtu aliyerukiwa na mafuta ya ganda la korosho. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini niliyabonyeza kwa kidole gumba, yakabonyea na kurudi. Nikajiambia ni rangi tu, na mimi nikishajiambia jambo huwa sina mpinzani.

Lilikuwa gari la zamani la rangi ya samawati, lile aina ya familia lenye buti refu. Marehemu aling'oa viti vya nyuma, na tangu hapo likawa gari la pweza. Kazi yangu ndiyo hiyo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi, wanawake wa Msimbati hushuka na vyuma vyao kuchokoa pweza mashimoni. Mimi huwasubiri juu na mizani na madeli ya barafu, tunapima, kisha nakimbilia Mtwara mjini kabla barafu haijayeyuka. Huyeyuka tu. Maji yake, yenye chumvi na ute, yalikuwa yanapita chini ya zulia na kutafuta pa kutokea, yakatua ndani ya kizingiti cha milango, lile bati la chini lililokunjwa likawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Huko yalikaa. Miaka sita nilikuwa nalimwagia bahari gari langu mwenyewe, halafu nashangaa linaoza.

Fundi rangi wa kwanza, mmoja wa Ufukoni, aliyakwangua malengelenge, akapiga puti, akapiga msasa, akapaka rangi. Likapendeza mpaka nikaenda nalo harusini. Masika yalipoisha malengelenge yakarudi na ndugu zao. Sasa yalishuka kutoka juu ya gurudumu mpaka kizingitini, na mengine yalikuwa yamepasuka yakitoa unga mwekundu. Siku moja njiani kutoka Msimbati askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akalizunguka gari taratibu, akachomoa kalamu mfukoni na kuichoma kwenye lengelenge kubwa kuliko yote. Kalamu iliingia karibu yote.

"Mama," akasema, "hapa unaendesha rangi. Nikikukuta nalo tena hivi, nang'oa namba."

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichomjibu, kwa kuwa wajukuu zangu wanajua kusoma. Nadhani aliniachia kwa sababu harufu ya pweza ilimshinda.

Nyumbani Likombe nilikuwa naishi na baba yangu. Baba alikuwa fundi wa kalafati Mikindani maisha yake yote. Mwenye chombo kinachovuja alimwita yeye, naye alisokota pamba, akailowesha kwa mafuta ya papa, akaipigilia katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha juu yake akapaka deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Siku hizi vijana wananunua boti za plastiki, na wenye mbao wanaziba kwa gundi za kwenye mrija. Ilikuwa miaka mingi hakuna aliyekuja kumwita. Alikuwa anakaa uani na boksi la vyombo vyake, anazipaka patasi mafuta zisishike kutu, na nikirudi ananiuliza kama huko pwani nimesikia habari ya chombo chochote. Nilikuwa namjibu sijasikia. Swali lile lilikuwa linaniudhi, na nikisha kuudhika linaniliza.

Jioni ile ya askari nilirudi natukana. Baba akainuka na mkongojo wake, akapapasa ubavu wa gari, akatia kidole kwenye tundu la kalamu, akanusa kidole.

"Nwanangu, hiki chombo kinavuja," akasema. "Na chombo kinachovuja ntu wake mimi."

"Baba, hiki ni chuma."

"Maji yanajua chuma na mbao? Maji ni maji tu."

Ningesema hapana. Nilikuwa na hapana nyingi siku hizo, nilimpa askari, nilimpa mwanangu aliyetaka nihamie Dar es Salaam, nilimpa mwanamume wa Nanyamba aliyeleta posa. Baba nikashindwa kumpa. Nilikuwa sijamwona akisimama bila kuegemea kitu kwa miezi mingi, na sasa alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya gari, anapiga hesabu ya pamba.

Alifanya kazi siku tatu. Alikwangua bati lililooza mpaka tundu likatosha mkono, akasokota pamba pajani, akailowesha kwenye kopo la mafuta ya papa aliyokuwa ameyahifadhi tangu enzi zake, akaishindilia ndani ya kile kizingiti chote kwa waya mnene, kutoka gurudumu la nyuma mpaka mlango wa mbele. Nyundo ilikuwa inalia ko, ko, ko, na majirani wakaja kutazama. Mikono ilikuwa inamtetemeka anapokunywa chai, lakini ikishika patasi inatulia. Mwisho akaziba kwa deheni, akailainisha kwa kiganja, nami nikapaka juu yake rangi ya samawati iliyobaki kwenye kopo. Ukisimama hatua tano huoni kitu. Baba alikwenda msikitini siku ile akanyoosha mgongo, na aliporudi akala ugali wote.

Kwa miezi miwili nilidhani mzee amewashinda mafundi wa mjini. Askari aliniona, akatazama, akanipungia mkono nipite.

Sasa ngoja niseme kuhusu mwamba, maana ndiyo roho ya jambo hili. Kijiji kilikuwa kimefunga mwamba, na miezi hiyo mimi nilikuwa nabeba samaki wa nyavu kwa madeli yaleyale ya barafu. Wao hukubaliana kwamba kwa miezi mitatu hakuna mtu kushuka kuchokoa pweza, ili wakue, halafu kwenye bamvua moja wanaufungua kwa pamoja na kijiji kizima kinashuka. Siku hiyo hutoka pweza wa kubeba begani. Na desturi yao ni kwamba mnunuzi anayewapokea siku ya kufungua ndiye wanayebaki naye mpaka mwamba ufungwe tena. Asiyefika amejitoa mwenyewe. Kulikuwa na mwanamume mwenye pikapu mpya aliyekuwa anawazunguka wale wanawake kwa maneno matamu, na mimi nilijua kwamba siku nitakayokosa kufika ndiyo siku nitakayokuwa mjane asiye na kazi, na baba yangu mzee mgongoni.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nilikwenda Msimbati kwenye kikao cha kupanga ufunguzi, na mchanga wa njia ile unaujua mwenyewe kama umewahi kupita, ukanishika gurudumu. Nikatoa jeki, nikaitega chini ya kizingiti, nikaanza kupandisha. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikaingia ndani ya bati mpaka shingoni. Maji ya chumvi yaliyokolea harufu ya papa yakanimwagikia miguuni. Ile pamba ilikuwa imeyanywa maji ya barafu safari baada ya safari, ikayashikilia ndani, na bati ambalo lingekauka kidogo kati ya safari na safari halikupata kukauka hata siku moja. Kwenye mbao pamba ikilowa inavimba na kuziba. Hilo ndilo baba alilokuwa analijua, na ni kweli tupu, kwa mbao.

Nilikaa mchangani nikalia kwa sauti, mwanamke mzima wa miaka hamsini na nne. Wenzangu wa mwambani waliokuja kunisukuma walinizunguka na khanga zao wapita njia wasinione.

Mjini kulikuwa na fundi bodi mmoja aliyesifiwa kwa kunyoosha na kuchomelea, mtu mpole, haongei sana. Alilitazama gari, akaguna, akasema bati lile halitengenezeki, dawa yake ni kukata ubavu wote pamoja na kizingiti na kupandikiza mwingine. Bahati nzuri alikuwa anajua gari la aina ileile lililopata ajali upande wa kulia. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa mzima, mweupe. Aliuleta baada ya siku nne. Siku ya kukata ilikuwa Jumatano, na mwamba unafunguliwa Jumamosi. Nilikuwa siwezi kula. Nilikaa gerejini kwenye ndoo iliyopinduliwa tangu asubuhi nikimhimiza, mpaka wenzake wakawa wananiita msimamizi.

Kabla ya kuwasha moto wa gesi fundi alipiga kizingiti kwa kifundo cha kidole, mbele, katikati, nyuma. Kilitoa mlio mzito. Akapiga tena.

"Mama, humu ndani mna nini?"

Walikuwepo mafundi wengine kama watano, wamekaa kwenye tairi wakinywa kahawa. Niliwaona wote kwa pamoja. Nilijua nikisema neno kalafati pale, kabla ya adhuhuri litakuwa limefika sokoni, na alasiri litakuwa Mikindani, kwamba fulani sasa amerudiwa na utoto, analiziba gari pamba. Watamwambia baba msikitini. Na nitakuwa nasema uongo nikidai nilimfikiria yeye peke yake. Nilijifikiria na mimi, mwanamke ninayejifanya najua magari, niliyemwachia mzee anitie pamba na mafuta ya papa kwenye bodi na kumpakia rangi juu.

"Hamna kitu," nikasema.

"Watu wengine huweka povu, wengine sponji. Sema tu, mama, nikutolee kwanza."

"Nimekwambia hamna kitu. Ni mchanga wa Msimbati. Fanya kazi, mwanangu, siku zinakwisha."

Akavaa miwani yake, akawasha.

Moshi ulianza kutoka mbali na alipokuwa anakata, kwenye tundu dogo karibu na mlango wa mbele. Moshi wa njano, mzito, unaonuka samaki wa kuungua. Fundi akasimama, akainama kuchungulia ndani ya ule mkato, na hapo ndipo moto ulipotoka kwenye kizingiti kwa nguvu na kumshika mkono mpaka kiwikoni. Alipiga yowe. Juu juu pamba ilikuwa na unyevu, lakini huko ndani ilikuwa imejaa mafuta, na moto ulisafiri ndani ya lile sanduku la bati tukiwa hatuuoni, ukatokea chini ya kiti cha dereva. Kikawaka kiti. Yakawaka mazulia. Watu walikimbia na mchanga kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye sahani za kahawa, mwingine alivuta mtungi wa gesi kuupeleka mbali huku akiomba Mungu kwa sauti. Mimi nilisimama na ndoo yangu mkononi, tupu. Sikuchota hata mara moja. Nataka niliseme hilo kwa sababu watu wakikihadithia kisa hiki hunisifu kwamba nilipambana.

Moto ulipozimwa, gari lilikuwa limebaki na mbele nzima, injini salama, na ndani jeusi tupu. Fundi alikuwa ameketi chini, mkono kwenye beseni la maji, ngozi imeanza kuinuka. Mwenzake alichokonoa kizingiti kwa bisibisi akatoa kipande cha pamba iliyoungua, ndefu, iliyosokotwa vizuri. Akakinyanyua watu wote wakione.

"Nilikuuliza, mama," fundi akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza mara mbili."

Na hapo, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo na kusema, "Labda ni marehemu mume wangu. Mimi sijui alichoweka."

Mtu mzima amekufa, hawezi kujitetea, nikamtwisha. Fundi akasema nitafute watu wa kulivuta gari langu kwa sababu yeye halishiki tena, na mjini pale hadhani kama kuna atakayelishika akishasikia. Halafu wakampeleka hospitali kwa bodaboda.

Nilifika nyumbani alasiri. Baba alikuwa uani. Nilipita moja kwa moja nikanawe, lakini moshi ulikuwa umenikaa kwenye khanga na aliinua uso nilipompita.

"Mafuta ya papa yamewaka," akasema.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikisugua miguu kwa brashi, kwa sababu usoni nisingeweza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, kwa upole.

"Kwa nini hukuja kuniita? Sisi tukitaka kuchoma chombo tumboni kuua wadudu wa mbao, kwanza tunang'oa pamba kuukuu. Kila ntu anajua yale mafuta yanawaka. Ningeitoa yote kwa waya, kazi ya muda wa kuchemsha chai."

Muda wa kuchemsha chai. Niliendelea kusugua miguu iliyokwisha kuwa safi. Akajijibu mwenyewe, bila hasira, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha.

"Ulinionea aibu."

Sikukataa. Ningeweza kusema uongo wa tatu siku ile, na pengine huo ndio pekee uliokuwa na faida, lakini nilikuwa nimechoka.

Jumamosi mwamba ulifunguliwa bila mimi. Mama mmoja wa kule, ambaye tumekuwa pamoja tangu mwanzo, alinipigia simu huku nasikia kelele za furaha nyuma yake. Akasema wamempa mwenye pikapu, wangefanya nini na pweza wanaharibika. Halafu akashusha sauti, akasema wanawake wengi bado wananitaka mimi, yule mwanamume anabana mizani kwa mguu, na kwamba wameweka neno kwa wakubwa, nikija na gari bamvua lijalo watasema nilipatwa na msiba na watanirudisha. Nisipokuja, hawatakuwa na la kusema tena. Zilikuwa wiki mbili. Fundi hapokei simu yangu, gari limefunikwa turubai mlangoni pa gereji yake, na wote niliowafuata waliposikia ni gari lile walikumbuka wana kazi nyingine. Nilikuwa nikilala nawaza kuuza injini. Nilikuwa nikiamka nawaza kwenda Dar es Salaam kukaa kwenye chumba cha nyuma cha mwanangu na baba kwenye godoro la sebuleni. Niliogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa hata wakati wa msiba.

Jumatatu asubuhi baba alitoka chumbani amevaa kanzu yake ya Idi na kofia, akaniambia niite bajaji.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa fundi. Kumpa pole ntu aliyeungua kwa kazi yangu."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia watamcheka. Alikuwa amekwishaanza kutembea kuelekea barabarani.

Mafundi walikuwepo walewale, kwenye tairi zilezile. Yule fundi alikuwa amesimama kivulini, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, anaelekeza wenzake kwa mkono mmoja. Baba alitoa salamu, wakaitikia na kumwamkia, mmoja akainuka kumpa kiti. Hakukaa. Alinishika mkono ili asimame vizuri, kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Ile pamba niliitia mimi. Mimi ni ntu wa kalafati, Mikindani wananijua. Niliitia siku binti yangu yuko Msimbati, nikaziba, nikapaka rangi. Yeye hajui kitu, na marehemu hajui kitu. Kama una hasira, nwanangu, mimi hapa, nimezifuata."

Mmoja akasema, "Mzee, umelikalafati gari?" na kicheko kikatoka. Hakikuwa cha ubaya, lakini kilikuwa kirefu. Mwingine akauliza nanga ameiweka wapi. Mwingine akasema litazame vizuri lile, huenda lina tundu la mlingoti. Baba alisimama katikati yao na kanzu yake nyeupe, anatikisa kichwa taratibu, anawaacha wacheke mpaka waishe.

Fundi hakucheka. Alimtazama baba, akautazama mkono wake mwenyewe uliofungwa, kisha akasema kwamba kilichomuuma si moto, moto ndiyo kazi yake. Kilichomuuma ni kudanganywa machoni na mtu mzima. Kama mama hakujua, basi hakumdanganya, na yeye hana sababu ya kuliacha gari la mtu lioze mlangoni. Ubavu mweupe bado upo. Siku kumi, na kijana wa umeme akisaidia, litatembea.

Halafu akanigeukia mimi.

"Kweli hukujua, mama?"

Vidole vya baba vilinibana mkono, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Sikujua," nikasema, na baba akaitikia kwa kichwa.